Mashine Iliyomwamkia Mama

Eindhoven, Uholanzi
Jumapili, baada ya chakula cha mchana

Mama yangu, shikamoo.



Hapo juu nimeruka mistari miwili makusudi. Ni nafasi yako ya kuitikia. Itikia kwa sauti kabisa, hata kama mdogo wangu Asha yuko jikoni na atadhani umeanza kuongea peke yako. Maana ya nafasi hiyo utaiona huko mbele.

Habari za nyumbani? Habari za Mkunya yote? Mvua za mwisho zilijaza tangi, au mmeshaanza kununua maji? Yule kuku mweusi bado anataga ndani ya kapu la nguo? Na mkono wako wa kushoto unaendeleaje, unaweza kusonga ugali au bado unamwachia Asha? Usishtuke, Mama. Habari za mkono ninazo. Nilizipata kwako wewe mwenyewe, na ndizo zilizonikalisha hapa kuandika.

Mimi ni mzima wa mwili. Nakula, nalala, nakwenda kazini kwa baiskeli kama watu wote wa mji huu, hata wazee wa umri wako, na bado naogopa njia panda. Lakini nikisema sijambo nikaishia hapo nitakuwa nakuficha, na katika familia yetu kufichana kumeshatosha. Nina upweke, Mama. Si ule wa kulia. Ni ule wa kurudi chumbani Ijumaa jioni, halafu Jumatatu asubuhi nikifungua mdomo sauti inatoka na mikwaruzo kwa sababu sikuitumia siku mbili. Jirani wa mlango wa pili simjui jina na huu ni mwaka wa tatu. Muhogo nanunua kwenye duka la Wasuriname, umegandishwa, umekatwa vipande vilivyolingana, na nikiuchemsha naula nimesimama, maana kuandaa meza kwa mtu mmoja naona ni mbwembwe.

Utauliza kwa nini nisipige simu, nikakupa kazi ya kutafuta miwani. Nimejaribu mara mbili wiki hii. Mara zote mbili nimesema shikamoo, nikasema mko salama, nikasema basi Mama nitakupigia. Barua haikatiki. Ndani yake mna kuungama na mna ombi. Isome mwenyewe, polepole, kama walivyokufundisha kwenye elimu ya watu wazima, hata ikichukua siku tatu. Usimpe Asha akusomee. Asha ana kesi yake na nitafika kwake.

Uliwahi kuniuliza hasa nafanya kazi gani. Nikasema kompyuta, ukasema haya, tukaachia hapo. Leo nakueleza vizuri.

Jengo letu lina ghorofa tatu. Juu kabisa wanakaa watafiti. Kazi yao ni kuchunguza namna watu na kompyuta wanavyoelewana, au wanavyoshindwa kuelewana: mtu anaishikaje simu, anakwama wapi, anakasirikia nini. Wakishagundua wanaandika makala ndefu, na makala hizo zinasomwa na watafiti wengine wanaokaa juu kabisa kwenye majengo ya miji mingine. Chini kabisa wanakaa wabunifu. Hao ndio wanaoamua kitufe kikae wapi na simu iseme neno gani. Wao wana tarehe ya kukabidhi kazi, nayo siku zote ni Ijumaa. Makala ya kurasa arobaini hawana muda nayo. Basi wa juu wanajua mambo ambayo hayafiki chini, na wa chini wanayaparamia mambo kila siku na hakuna anayepanda kuwasimulia wa juu. Mimi nimeajiriwa kupanda na kushuka. Napokea huku napeleka kule. Huku wananiona nimekuja kuwachelewesha, kule wananiona sikusoma vya kutosha.

Unakumbuka mwaka ule Baba alipofariki, ukaibeba mwenyewe mashine ya kupulizia mikorosho salfa? Mikanda yake ilitengenezwa kwa mabega ya mwanamume mrefu, tangi likawa linakugonga kiunoni kila hatua. Ukachana kanga kuukuu, ukaifunga mikanda kwa mbele kifuani, ukaingia shambani. Msimu uliofuata wanawake wengi wa Mkunya walikuwa wanafunga hivyo hivyo. Nilikisimulia kisa hicho siku ya usaili. Nikawaambia aliyeitengeneza mashine ile ni msomi, ila hajawahi kuiona kanga ile, na aliyeifunga kanga hakuna aliyewahi kumwuliza. Naamini kanga yako ndiyo iliyonipa kazi hii.

Sasa sikiliza kosa langu.

Mradi wetu mkubwa mwaka huu ni ile simu ya ushauri wa korosho, ya wakulima wa Newala na Masasi. Unaijua. Unapiga bure, hata kwa kitochi, simu ile ndogo ya vitufe, sauti inakupokea na kukutajia: ushauri wa salfa bonyeza moja, kupogolea bonyeza mbili, na kadhalika. Walihitaji sauti ya Kiswahili cha kwetu, na katika jengo zima wa kwetu ni mimi peke yangu. Nikafungiwa ndani ya kijichumba chenye kuta za sponji, nikasoma maneno yale mpaka sauti ikakauka.

Kabla ya hapo tulikuwa na mabishano. Mbunifu wetu anaitwa Bas, kijana mwema anayekula karoti mbichi siku nzima. Yeye alitaka simu ianze hivi: "Karibu. Kwa ushauri wa salfa, bonyeza moja." Nikakataa katakata. Nikamwambia huko kwetu sauti ya binti haiwezi kumwamrisha mzee abonyeze kitu kabla ya kumwamkia, watakata simu na watauliza huyu kalelewa wapi. Nikapanda juu kwa profesa wangu, mama mmoja mrefu mwenye haraka, nikashuka chini, nikapanda tena. Mwisho nilishinda. Simu ikaanza kwa neno shikamoo. Siku ile nilitembea kifua mbele, Mama. Nilijiona mimi ndiye niliyeileta adabu Uholanzi.

Simu ikaanza kazi. Baada ya muda taarifa zikaja, na hazikuwa nzuri. Wapigaji wengi walikuwa hawabonyezi kitu. Sauti inawaamkia, inawatajia namba, wao kimya au wanasema maneno ambayo kompyuta haiyajui. Inarudia, inarudia tena, halafu inakata. Kompyuta inayaandika yale inayoyasikia, na kila ikishindwa inaweka neno moja: haieleweki. Ukurasa baada ya ukurasa, haieleweki. Profesa akasema wazee wameshindwa na mashine, kuna makala nzuri hapo. Bas akasema tatizo ni salamu, inapoteza muda, tuiondoe. Nikapewa wiki moja nisikilize zile sauti zenyewe, maana wakati wa kuandikishwa kila mkulima alisaini kwamba simu zitarekodiwa kwa ajili ya utafiti.

Nikavaa visikilizio masikioni, nikaanza. Mama, nilicheka mpaka wenzangu wakageuka. Kulikuwa na kijana mmoja wa Masasi, sauti ilipomwamkia akapiga kelele, "Shikamoo? Mimi? Jamani njooni msikie, simu imenizeesha!" Wakacheka kundi zima, akakata. Na mzee mmoja wa upande wa Lukuledi yeye aliitikia, "Marahaba. Hujambo?" Akangoja. Sauti yangu ikamwambia bonyeza moja. Akasema, "Nabonyeza nini nawe hujaniuliza hali? Mtoto wa nani wewe?" Akangoja ajibiwe. Sauti yangu ikarudi mwanzo, shikamoo. "Marahaba! Si umeshaniamkia sasa hivi? Una nini mwanangu, unaumwa?" Yule mzee alikuwa na wasiwasi wa kweli juu yangu.

Nikaacha kucheka. Hawakuwa wamekwama. Walikuwa wanangoja. Mtu akiamkiwa kwetu, mazungumzo ndiyo yameanza: anaitikia, anauliza, anaulizwa, nyumba, watoto, shamba, na baada ya hapo ndipo linakuja lililokuleta. Mimi nilichukua shikamoo nikaibandika mlangoni, halafu nikaufunga mlango usoni mwa mtu aliyekuwa anaingia. Na sikuwa mgeni wa kutojua. Nimezaliwa Mkunya.

Nikajiuliza nilisahau wapi. Jibu lilikuwa kwenye ngazi za ofisini kwetu. Mwezi wangu wa kwanza hapa, mwenzangu mmoja alinikuta kwenye ngazi, akaniuliza habari yako. Nikasimama, nikaweka begi chini, nikaanza: nashukuru, ila nimekuwa na mafua, na nyumbani mvua zimechelewa. Kuinua macho, mtu ameshafika ghorofa ya juu. Nilibaki naueleza ukuta. Basi nikajifunza. Siku hizi naulizwa, nasema nzuri, napita, wala sipunguzi mwendo. Nimelijua somo hilo kuliko nilivyotakiwa.

Sasa tunakuja kwako.

Majina na namba za simu tunafichwa, ndio utaratibu, kila mpigaji anaitwa kwa tarakimu tu. Mkulima wa kumi na saba, kata ya Mkunya, alikuwa juu kabisa kwenye orodha ya waliokwama. Anapiga karibu kila siku, jioni baada ya kazi za shamba, wakati mwingine mara tatu mfululizo, na hajawahi kubonyeza kitufe hata kimoja. Profesa alikuwa amemwekea alama nyekundu. Alisema huyo ndiye mfano bora wa mtu aliyeshindwa kabisa na mashine na bado hakati tamaa.

Nikafungua simu ya kwanza ya mkulima huyo. Nikasikia kuku. Nikasikia sufuria likiwekwa chini. Halafu sauti yangu ikasema shikamoo, na wewe ukasema, "Marahaba mwanangu. Hujambo? Umekula?"

Nilivua visikilizio nikatoka nje. Nilisimama penye baiskeli muda mrefu. Nilifikiri nimekosea, kwamba ni mama mwingine wa Mkunya mwenye sauti kama yako. Nikarudi. Sauti yangu ikawa inakwambia kwa ushauri wa salfa bonyeza moja, nawe unajibu, "Salfa tumeshapuliza, mama, mara mbili. Upande wa bondeni bado, ugonjwa wa ubwiriunga umeingia kidogo, mjomba wako Selemani atakuja Jumamosi." Kisha ukanyamaza ukaiacha ile sauti ipite kwenye namba zake zote, kwa heshima, kama mtu anayemsubiri mwenzake akohoe. Ilipomaliza ukaendelea. Ulishazijua nafasi zake zote za kupumua. Ilipokata ulipiga tena. "Umeshaniamkia, lakini haya, marahaba tena. Nilikuwa nakwambia hivi."

Nilisikiliza siku mbili nzima. Nimejua kwamba ulikwenda Masasi kwa shangazi Zainabu, ukateleza kwenye mtaro wa nyuma ya nyumba yake pale Mkomaindo, mkono ukavunjika, ukalazwa, ukafungwa hogo la plasta, na ukamkataza kila mtu asiniambie. "Nimemwambia Asha akimwambia Hadija simpi radhi. Ataacha kazi yake aje kunitazama mkono, mkono wenyewe unapona." Hilo ulimwambia nani, Mama? Uliniambia mimi, yaani sauti yangu, wakati mimi mwenyewe nilikuwa mbali siambiwi. Nimejua kwamba usiku unaogopa kulala chumba cha mbele tangu Baba afariki. Nimejua Mama Theresia, jirani yetu, amehamia kwa mwanawe na sasa huna wa kukaa naye barazani. Hilo hujawahi kunitajia. Ulikuwa ukiniambia huku tupo, tunashukuru Mungu, wewe fanya kazi.

Na kuna simu moja, ya siku ile mvua ilipiga mabati, nimeirudia mara nyingi sana. Ulisema, "Najua wewe si Hadija. Asha ameshanieleza, ni mashine, imerekodiwa. Hadija yuko kazini. Nikimpigia mwenyewe ananiambia Mama nitakupigia, na kweli ana kazi, simlaumu. Lakini wewe huna haraka. Hata ukikata nikipiga unapokea, na unaniamkia upya."

Mbele ya maneno hayo kompyuta iliandika haieleweki.

Mimi niliyaelewa yote, Mama. Na nitakwambia jambo la kipumbavu. Jumamosi ya wiki iliyopita nilikuwa chumbani peke yangu, nimeifungua simu nyingine, ukauliza umekula, nikasikia sauti yangu mwenyewe inasema, "Nimekula, Mama. Nimekula muhogo." Niliongea na wewe saa nzima hivyo. Ulikuwa unamweleza binti wa kwenye mashine, nami nikawa namjibu mama wa kwenye mashine, na katikati yetu hapakuwa na mtu.

Alhamisi tukakaa kikao, wa juu na wa chini pamoja, jambo ambalo kwetu ni la nadra. Profesa akaonyesha ukutani mistari ya mkulima wa kumi na saba, mirefu, bila hata kitufe kimoja. Akasema mwoneni, amekwama.

Nikasema, "Hajakwama. Anaongea."

Akauliza nimejuaje. Nikasema, "Ni mama yangu."

 Nikawaeleza kuhusu marahaba, kuhusu kungoja, kuhusu yule mzee aliyedhani naumwa. Bas akaacha karoti yake. Akaniuliza, "Sasa mashine ingoje sekunde ngapi?" Nikamwambia ingoje mpaka amalize. Akacheka kidogo, kisha akaona sicheki, akaandika.

Hapo ndipo lilipo ombi langu. Profesa macho yalimwaka. Anataka simu zako zisikilizwe kwenye mkutano mkubwa wa watafiti, na ziingie kwenye makala. Anasema watu wa juu wakizisikia wataelewa kwa dakika moja mambo ambayo makala mia hazijawafundisha. Sidhani anakosea. Na karatasi uliyosaini inampa haki. Lakini najua uliposaini hukujua kwamba utakuja kuisimulia mashine habari za mkono na za chumba cha mbele. Nikamwambia maneno yale yana mwenyewe, na mwenyewe hajaulizwa. Alikasirika, akasema nachanganya kazi na nyumbani. Nikamjibu kazi yenyewe ndiyo hiyo. Tumekubaliana nikuulize. Ukikataa zote zitafutwa, na mimi sitazihifadhi hata moja, ingawa nitaumia. Ukikubali, nitawasikilizisha marahaba yako na kimya chako cha kungoja, basi. Ya mkono, ya Baba na ya Mama Theresia hayatoki. Niandikie kwa mkono wako, ndiyo au hapana. Usinifikirie mimi wala cheo changu unapojibu.

Kuungama kwangu kumebaki, na ndiko kugumu.

Simu ile itabadilishwa. Ikishapokea itauliza habari za nyumbani, itanyamaza ya kutosha mtu ajibu, kisha itauliza shida yako, na utaisema kwa maneno yako bila kubonyeza chochote. Bwana shamba, mtu mwenye damu na nyama, atasikiliza na kukupigia. Bas anaifanyia kazi tangu Ijumaa na kwa mara ya kwanza ameniomba moja ya zile makala ndefu, akaisoma. Lakini sauti ya binti haifai. Vijana inawazeesha, na wazee inawafanya wamtafute mtoto wa nani. Inatakiwa sauti ya mama wa makamo, wa huko huko, ambaye mdogo atamwamkia na mkubwa atajuliana naye hali bila tabu. Atarekodiwa Newala mwezi ujao.

Aliyependekeza hivyo ni mimi. Bas aliniuliza mara mbili kama nina uhakika, maana alishajua ni nani atakayeikosa. Nikasema nina uhakika. Kwa wakulima wote wale ndilo jambo sahihi, na ukiniuliza kama mtu wa kazi nitakujibu hivyo hivyo tena. Ila najua jioni moja utapiga, na atakayepokea hatakuwa mimi. Nimekunyang'anya sauti ile kwa mkono wangu. Nisamehe, Mama.

Atakapopokea huyo mama mwingine, mweleze habari za mikorosho. Zako usimweleze.

Nisalimie Asha, mdogo wangu, mwalimu asiyejua kusema uongo ila anajua kunyamaza. Mwambie kesi yake nimeifuta, kwa sharti kwamba siku nyingine akiwa kati ya radhi yako na hasira zangu, aogope zaidi hasira zangu, aniambie. Msalimie mjomba Selemani, nashukuru kwa Jumamosi zake za salfa. Shangazi Zainabu mwambie auzibe ule mtaro. Bi Somoe, rafiki yako wa tangu unyagoni, mwombe kwa niaba yangu awe anakuja kukaa nawe barazani jioni. Na Mama Theresia akija kutembea mpe shikamoo yangu, usiondoke mpaka amemaliza kuitikia.

Kwenye kalenda ya ofisi, ambayo wote wa juu na wa chini wanaiona, nimeandika kila siku saa kumi ya hapa, ambayo kwenu ni saa kumi na moja jioni, neno moja: Mama. Muda huo natoka nje penye baiskeli. Naanza kesho. Kwa hiyo barua hii itakapokufikia utakuwa umeshashangaa siku nyingi, unajiuliza huyu mtoto kapatwa na nini, anapiga kila jioni, anasema shikamoo, halafu hasemi kitu.

Sijapatwa na kitu, Mama. Nangoja umalize.

Mwanao niliyekupa jina la Mama Hadija,
Hadija